Kanda ya mjomba, makaburu na Tracy Chapman

Nianze na aibu yangu kabisa ili tuelewane. Mpaka namaliza darasa la saba nilikuwa najua Tracy Chapman ni mwanaume. Na sikuwa peke yangu, nyumba nzima tulijua hivyo, mjomba mwenye kanda ndio alikuwa wa kwanza kusema "huyu jamaa anajua", na hakuna aliyembishia maana kanda yenyewe haikuwa na picha, ilikuwa kaseti ya kurekodiwa, upande mmoja imeandikwa TRACY kwa peni ya bluu na upande wa pili ilikuwa imeandikwa kitu kingine kikakatwa. Afu kulikuwa na suala la betri. Redio kaseti ya mjomba ilikuwa inakula betri sita kubwa, na zikichoka tulikuwa tunazianika juani juu ya bati la jikoni tangu asubuhi, jioni zinakuwa zimepata nguvu ya nyimbo mbili tatu hivi, ila mkanda unazunguka kwa kujivuta, sasa chukua mwanamke ambaye sauti yake tayari ni nzito, ivute namna hiyo, unapata mzee wa miaka hamsini anayeimba amekaa kwenye kigoda. Huyo ndio Tracy Chapman niliyekua naye pale Morogoro.

Leo nataka kuongelea albamu yenyewe, ile ya kwanza, ambayo haina hata jina, imeitwa Tracy Chapman basi. Ilitoka tarehe 5 Aprili 1988, nyimbo 11, dakika 36 na sekunde kidogo. Nimeisikiliza kwa kaseti, kwa CD ya kuchoma, kwa flashi kwenye gari, sasa hivi kwa simu, na kadiri ninavyozidi kusoma habari zake kuna kitu kinanishangaza. Humo ndani hakuna wimbo hata mmoja kuhusu Afrika Kusini. Hata mmoja. Ni albamu ya Cleveland, ya Boston, ya watu weusi maskini wa Marekani. Lakini kila mlango uliofunguka mpaka ikatufikia ulifunguliwa na watu waliokuwa wanapambana na makaburu, hadi mlango wa nyumba yetu. Ntaeleza, tulieni.

Dada huyu kazaliwa 1964 Cleveland, jimbo la Ohio, mji wa viwanda ambao viwanda vyake vilikuwa vinakufa. Wazazi waliachana akiwa na miaka minne, mama akabaki na mabinti wawili na hela ya kuhesabu. Mama huyohuyo ndio alikuwa amemnunulia ukulele, kale kagitaa kadogo ka nyuzi nne, mtoto ana miaka mitatu. Mi hapo huwa nasimama. Hela hamna, afu mtu ananunua ukulele. Miaka minane akawa ameshika gitaa kamili na ameanza kutunga. Mwaka 1978, Tracy ana miaka 14, jiji la Cleveland lenyewe likashindwa kulipa madeni ya benki, yaani halmashauri nzima imeishiwa, na kipindi hichohicho mahakama ilikuwa imeamuru shule zichanganywe watoto weusi na weupe, watoto wanapakiwa kwenye mabasi kupelekwa mitaa wasiyotakiwa, na chuki ikatoka hadharani. Ukisikiliza Across the Lines, ule wa reli inayotenganisha weusi na weupe, na ugomvi unaanzia kwa mtoto mmoja kupigwa afu mji mzima unawaka, unaona kabisa huyu hakusoma gazetini.

Akapata ufadhili kupitia mpango mmoja unaitwa A Better Chance, unachukua watoto wenye akili wa familia zisizo na uwezo unawapeleka shule za wenye nazo. Akatua Wooster, shule ya bweni kule Danbury, Connecticut, mbali na kwao, katikati ya watoto ambao likizo wanaenda kuteleza kwenye barafu. Kasisi wa shule alivyoona binti anapiga gitaa namna ile na gitaa lenyewe limechoka, akachangisha walimu na wanafunzi, wakamnunulia jipya. Na ni hapohapo shuleni, umri kama miaka 16, ndio aliandika Talkin' Bout a Revolution. Miaka 16! Mimi miaka 16 nilikuwa naandika barua za mapenzi za kunakili kwenye daftari la mwenzangu.

Ule wimbo una hadithi yake nyumbani kwetu. Mtu mmoja alimtafsiria mjomba kwamba revolution ni mapinduzi, basi mjomba akahitimisha kwamba jamaa ni mwanachama wa Chama cha Mapinduzi. Akawa akija mjumbe wa nyumba kumi anauweka kwa heshima. Mjumbe anatikisa kichwa anasema wimbo mzuri, una ujumbe. Kumbe wimbo unaongelea watu walio kwenye foleni za kuomba msaada, wasio na ajira, wanaongojea kupandishwa cheo ambacho hakiji, na kwamba siku moja watasimama wachukue chao, na sauti yake sasa hivi bado ni mnong'ono. Tungekuwa tunaelewa, nadhani mjomba asingeuweka mbele ya mjumbe kipindi kile cha foleni za sukari. Au angeuweka kwa makusudi, sijui, mjomba ana utundu wake.

Baada ya Wooster akaenda chuo cha Tufts, nje kidogo ya Boston, akasoma anthropolojia na masomo ya Afrika. Jioni na wikiendi anapiga gitaa barabarani Harvard Square, watu wanapita na shughuli zao wanadondosha chenji, au kwenye vimgahawa vya kahawa ambavyo vina utamaduni wa mtu kukaa kwenye stuli na gitaa lake. Sasa hapa ndio mlango wa kwanza. Kulikuwa na mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, alikuwa anaandaa mkutano wa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini pale chuoni, maana miaka ile vyuo vya Marekani vilikuwa vinawaka moto kwa suala hilo. Anatafuta mtu wa kuimba mkutanoni, akaambiwa kuna dada anaitwa Tracy, nenda kamsikilize. Akaenda. Na baba yake Koppelman, Charles, alikuwa bosi kwenye biashara ya kumiliki na kusimamia nyimbo.

Ungetegemea binti wa watu arukeruke kwa furaha, hapana. Koppelman amesimulia mara nyingi kwamba Tracy alikuwa hana haraka wala hakuonyesha kupagawa, hana demo ya kumpa, jamaa ikabidi awe anamfuata kwenye kila shoo. Baadaye akagundua kuna nyimbo alikuwa amezirekodi redio ya chuo, akaenda kule, rafiki yake akampiga DJ stori huku yeye anaichomoa kanda. Wimbo uliokuwemo ni huohuo Talkin' Bout a Revolution. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha Tracy kuingia kwenye ofisi za wenye muziki wao ilikuwa kanda ya kuibwa, na mimi niliyelelewa na kanda ya kurekodiwa kibandani hilo linanifariji sana. Mkataba akasaini na lebo ya Elektra mwaka 1987, mwaka aliomaliza chuo.

Sasa kumbuka mwaka wenyewe. 1987, 1988, redioni kote ni vinanda vya umeme na dramu za mashine, ukisikia mtu anapiga gitaa kavu unajua ni mzee. Maprodyuza kadhaa walipelekewa hiyo kazi wakaikataa. Aliyekubali ni David Kershenbaum, ambaye alishafanya kazi na Joan Baez, kwa hiyo kwake mwanamke na gitaa lake halikuwa jambo geni. Wiki nane, studio ya Powertrip, Hollywood. Na uamuzi wake ulikuwa kwamba Tracy akae mbele, sauti yake na maneno yake, vingine vyote vijengwe vikimzunguka. Ukisema hivyo inaonekana rahisi, ila chukua Fast Car ukaisikilize leo na hedifoni nzuri. Gitaa linaanza na kale kamzunguko ka noti chache kanakorudi na kurudi, kama gari limewashwa limesimama tu linanguruma. Besi inaingia kimyakimya ukiwa hata hujastuka. Dramu, hamna. Beti ya kwanza hamna, inayofuata hamna za maana, jamaa yupo studio, kalipwa, ana vijiti mkononi, anasubiri. Mpaka afike pale anapoanza kukumbuka walivyokuwa wanaendesha kasi usiku ndio dramu zinapasuka, na kwa hizo sekunde chache kweli unahisi gari limeondoka. Afu zinatulia tena, na umerudi pale pale, gitaa linazunguka. Mzunguko haujabadilika tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Ndio stori yenyewe hiyo, imo kwenye gitaa kabla hujaelewa neno moja la kiingereza.

Maneno mi nilikuja kuyaelewa kidato cha tatu. Nilikaa na kamusi na daftari, nasimamisha kanda kila mstari, narudisha, nasimamisha, mjomba analalamika namuharibia hedi ya redio. Miaka yote ile tulijua ni wimbo wa mapenzi na gari zuri, vijana wa stendi walikuwa wanauomba wakiwa na wachumba zao. Kumbe ni binti ambaye mama yake amemkimbia baba kwa sababu ya pombe, binti kaacha shule amtunze mzee, anafanya kazi dukani, anamwomba mwenye gari waondoke mjini wakaanze upya. Wanaondoka. Anapata kazi, yeye. Mwanaume kazi hapati, baa anaipata. Na mwisho wa wimbo yule binti amejikuta kwenye kiti kilekile cha mama yake, ana watoto, ana mlevi, tofauti ni kwamba mama aliondoka mwenyewe ila huyu anamwambia mwanaume chukua hilo gari lako uondoke wewe. Nilifunga daftari nikatoka nje. Mtaani kwetu peke yake nilikuwa na uwezo wa kuhesabu wanawake wanne ambao wimbo ule ni wao, gari tu ndio hawakuwahi kuwa nalo. Na Tracy mwenyewe aliwahi kusema hivyo BBC, kwamba hakuwahi kuwa na gari la kasi, kwamba si maisha yake moja kwa moja, ni dunia aliyoiona akikua Cleveland kwa mama anayelea peke yake.

Turudi 1988. Albamu ikatoka, wanaoandika habari za muziki wakaisifia, ikauza vizuri kwa msanii mpya, kama nakala 250,000 hivi. Ingeweza kuishia hapo, ikawa albamu ya wajuaji.

Tarehe 11 Juni, uwanja wa Wembley, London, tamasha la miaka 70 ya Mandela. Mwenyewe yuko gereza la Pollsmoor, hajui lini atatoka. Uwanja una watu kama 72,000, matangazo yanaenda nchi 67, waliotazama wanakadiriwa kufika milioni 600. Wamo kina Whitney Houston, George Michael, Dire Straits, Mama Miriam Makeba, Hugh Masekela. Tracy kapewa kipande kidogo mchana, kaimba, kashangiliwa kistaarabu, kashuka. Kazi imeisha.

Jioni zamu ya Stevie Wonder. Vyombo vimepangwa, jamaa yuko njiani kuelekea stejini, ikagundulika diski ya kinanda chake cha kompyuta haipo. Kwenye ile diski kulikuwa na dakika 25 za muziki wake, kila kitu alichopanga kupiga. Stevie akageuka akaondoka, inasemekana analia. Baadaye alirudi akaimba, ila kwa wakati ule steji iko wazi, dunia nzima inaangalia, na huwezi kusimamisha bendi nyingine kwa dakika mbili, waya tu kuzichomeka ni nusu saa. Nani anaweza kuingia bila kuunganishiwa chochote? Yule dada wa mchana. Maiki moja, gitaa moja. Wakamrudisha. Akaimba Fast Car na Across the Lines.

Tafuta video, ipo. Watu wanapiga kelele, na anatokea msichana wa miaka 24, nguo nyeusi, hajapaka kitu usoni, hasalimii kwa mbwembwe, anaanza tu kale kamzunguko. Ukiangalia uwanja unaona unavyonyamaza kidogo kidogo, kama maji yanavyotulia kwenye ndoo. Wiki mbili baadaye albamu ilikuwa imeuza nakala milioni mbili hivi. Agosti ikashika namba moja Marekani, Uingereza pia ikashika namba moja, mwaka uliofuata akabeba Grammy tatu, na hadi leo inatajwa kupita nakala milioni 20 duniani. Mwaka ambao kila mtu anapigania kinanda kipya, aliyeokoa tamasha ni yule ambaye hana cha kupotea.

Sisi bara hatukuiona, hata msiniulize. Tanzania bara televisheni ilikuja 1994, kabla ya hapo wenye runinga walikuwa wenzetu wa Zanzibar. Sisi tulikuwa na RTD, redio ya taifa, na RTD na RTD. Sasa ilitufikaje? Hapa ndio Mazimbu inapoingia.

Wa Moro mnaijua. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu, wanafunzi wanapita na begi zao wala hawajiulizi Mahlangu ni nani. Zamani lilikuwa shamba la mkonge, serikali ikawapa ANC, chama cha Mandela, mwaka 1977, wakajenga shule ya wakimbizi wao, vijana waliotoroka baada ya ghasia za wanafunzi wa Soweto, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Walikuwa na shule, hospitali, mashamba, karakana ya fanicha, na humo ndani wamefanya kazi Watanzania wengi tu wa Morogoro, mmojawapo mjomba wangu, seremala. Wale vijana wa Kusini walikuwa na vitu ambavyo sisi hatuna, maana misaada ilikuwa inatoka Sweden, Norway, Uholanzi, kila pembe, na pamoja na madaftari na blanketi na wageni wanaokuja kusaidia kulikuwa na kanda. Mjomba anasema kijana mmoja alikuwa anapiga plena huku redio inaimba, akamuuliza huyo nani, yule kijana akamjibu, "huyo aliimba siku ya Mandela." Ikatosha. Mjomba akaiazima siku mbili, akaipeleka mjini kwa jamaa mwenye kibanda cha kurekodi kanda, akarudi na kaseti yenye peni ya bluu.

Yaani chuoni mkutano wa kupinga makaburu, Wembley kwa ajili ya Mandela, Mazimbu kwa wakimbizi wa ANC. Milango mitatu. Na mtu mwenyewe anaimba habari za mama zao wa Cleveland.

Basi nimefika kwenye wimbo niliotaka kuufikia tangu mwanzo, wa nne, Behind the Wall. Mjomba alivyofika nyumbani na kaseti yake mpya akaweka, akawa anaenda vizuri, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ulipofika wa nne vyombo vikapotea. Gitaa hamna, besi hamna, sauti tupu. Mjomba ni mtu wa gitaa, kakulia kwenye Mbaraka Mwinshehe, kwake gitaa likikatika ujue umeme umekatika. Akasikiliza mpaka mwisho, wimbo uliofuata vyombo vikarudi. Akachomoa kaseti, akavaa viatu, akarudi mjini kwa miguu kumgombeza yule jamaa wa kibandani kwamba umenirekodia wimbo nusu. Yule naye akaapa, akaweka kwenye deki yake, wakasikiliza wote, akasema bwana mashine yangu nzima, labda kule studio kwao vyombo viliharibika. Wakakubaliana hivyo. Kwa miaka sisi wimbo ule tulikuwa tunauita "ule mbovu".

Sio mbovu. Hakuna chombo kwa sababu ni mtu amelala kitandani usiku anasikiliza ukuta. Upande wa pili mwanamke anapigwa. Polisi wakiitwa huwa wanachelewa, wakifika wanasema mambo ya mume na mke hatuingilii, na mwishoni ni kimya, afu ambulensi iko barabarani. Sasa weka gitaa hapo uone. Haiwezekani. Ukiweka gitaa utakuwa umeongeza sauti ya redio ili usisikie.

Na hicho ndicho tulichokuwa tunafanya. Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, vyumba sita, korido katikati, kuta hazijafika kwenye bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho unamwambia pole ukiwa kwako. Kulikuwa na mama mmoja chumba cha tatu. Sitasema zaidi ya hapo. Tulikuwa tunasikia, wote, watu wazima na watoto, sahani inaanguka, afu sauti ya chini, afu kishindo, na kuna mtu alikuwa ananyoosha mkono anaongeza sauti ya redio, na kuna usiku najua kabisa kilichoongezwa sauti ni kanda hiyohiyo. Siku moja mjumbe wa nyumba kumi aliitwa, akaja na tochi yake, akasimama koridoni akasema haya ni mambo ya mke na mume, wayamalize ndani. Neno kwa neno, na Tracy alikuwa ameshaliandika kwa kiingereza kabla ya mjumbe kulisema. Nilivyoutafsiri ule wimbo kidato cha tatu, yule mama alikuwa ameshahama, nikamsomea mjomba daftari. Alinyamaza muda. Afu akasema, "kumbe ndio maana vyombo vilitoka."

Nyimbo nyingine nazipenda ila sina stori nazo sana. Mountains o' Things una zile ngoma na kama marimba hivi, na mtu anaota utajiri mpaka anajitisha. For My Lover mtu kafungwa jela kwa ajili ya mapenzi, huo walevi wanaupenda. For You unafunga kazi, yeye na gitaa basi, mfupi. Baby Can I Hold You ndio ambao nyie wote mnaujua kwa jina la Sorry, na wengi mnaujua kwa rege, ile ya Foxy Brown wa Jamaica, daladala za Moro zililia nayo mpaka tukachoka, mimi mwenyewe nilibishana na mtu kwamba Tracy ndio kaiga. Boyzone nao wakaurudia 1997. Nicki Minaj akautumia bila ruhusa, Tracy akampeleka mahakamani na mwaka 2021 akalipwa dola 450,000. Wimbo wa mtu kushindwa kusema samahani. Haya.

Afu ikaja 2023, Luke Combs, mzungu wa muziki wa kantri mwenye ndevu zake, akairudia Fast Car kama ilivyo, hakubadilisha hata sehemu binti anapojitaja ana kazi ya dukani. Ikafika namba mbili Marekani, ikaongoza redio za kantri, na Novemba mwaka huo ikachukua tuzo ya wimbo bora ya chama cha muziki wa kantri, Tracy akawa mtunzi wa kwanza mweusi kuipata, kwa wimbo wenye miaka 35. Februari 2024 wakaimba wote wawili kwenye Grammy. Ni mtu ambaye alikuwa haonekani kwa miaka, na kamera ikaanza na vidole vyake kwenye gitaa, kale kamzunguko, watu ukumbini wakasimama kabla hajafungua mdomo.

Nilienda Kihonda kwa mjomba wikiendi ile nikiwa nimeihifadhi kwenye simu. Ana miaka sabini na kitu sasa, useremala kaacha, kiuno. Nikamkalia pembeni uani, nikamshikia simu maana mkono wake unatetemeka kidogo. Akaangalia zile nywele zenye mvi, akaangalia vidole.

"Ndio yule jamaa?"

"Ndio yeye mjomba."

Akacheka. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie, nikarudia. Akauliza yule kijana mwenye ndevu ni mwanae, nikasema hapana, anapenda tu wimbo. Akakaa kimya, anapangusa kioo cha simu na kanzu.

"Na ule wa bila vyombo, wamerudia?"

Nikamwambia hapana, ule sijasikia kama kuna mtu kaugusa.

"Weka," akasema. Nikautafuta nikaweka. Akanyoosha mkono akapunguza sauti kidogo, afu akageuza sikio.